Mashinisti na Injini Zenye Baridi

Mashinisti alikuwa anasalimia injini kwanza, mwenye gari baadaye. Ukisimamisha gari mbele ya nyumba yake kule Kampemba, Lubumbashi, hata uwe umemletea habari ya msiba, angeweka kiganja juu ya boneti kwanza, ndipo akugeukie na kuuliza kama watoto hawajambo. Wengine walimchukia kwa hilo. Mimi mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nilikasirika, na baada ya mwaka mmoja nilijikuta nami naweka kiganja changu palepale.

Jina lake nalijua, avenyu nzima inalijua, ila hakuna aliyelitumia. Aliendesha treni za mizigo maisha yake yote ya kazi, na alipostaafu cheo kilikataa kustaafu naye. Mke wake alimwita Mashinisti akiwa na hasira, akiwa na furaha alimwita baba, kwa hiyo ukipita nje ya ua wao ulijua hali ya ndoa bila kuuliza.

Sasa sikiliza kituko. Mtu huyu aliyewafundisha wengine magari hakuwahi kuwa na gari. Leseni pia hakuwa nayo. Alikuwa na baiskeli nyeusi aliyoisukuma kuliko alivyoipanda, na mafundi wa mtaa walimpiga kwa fimbo hiyo kila siku. Mkubwa wao alikuwa Patron, mwenye garaji kwenye kona yetu, fundi hodari kweli, mwenye mabega mapana na mdomo mpana zaidi. Mashinisti akifungua kinywa tu kuhusu injini, Patron alikuwa anasema mbele ya wateja:

“Baba, treni iko treni, motokari iko motokari. Weye ulikuwa unafwata paka njia ya chuma, ata volan haukukuwa nayo.”

Watu wakacheka. Nami nilicheka. “Paka” kwetu ni “tu”, volan ni usukani, na ni kweli treni haina usukani.

Ugomvi wao ulikuwa juu ya kitu kimoja tu, na ulidumu miaka. Kwetu Lubumbashi, gari likishafika kutoka nje, limetumika huko na kuchoka, jambo la kwanza linalofanyiwa kabla hata ya kuoshwa ni kutolewa termostati. Ni kama ubatizo. Termostati ni kidude kidogo cha shaba chenye springi, kinakaa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta. Injini ikiwa baridi, kinafunga njia, maji yanabaki ndani na kupata moto upesi. Yakifikia joto lake, kinafungua polepole na rejeta inaanza kupoza. Ni mlango, basi. Lakini mafundi wetu waliuona mlango huo kama adui, kwa sababu siku ukikwama umefungwa, injini inachemka. Wakaona dawa ni kuung'oa kabisa, ili maji yazunguke mchana kutwa bila kizuizi.

“Kile kintu ni ya baridi ya Bulaya,” Patron alikuwa akisema, huku akitupa termostati nyingine kwenye debe lililojaa wenzake. “Huku kwetu Mungu alishatupatia joto ya bule.”

Mashinisti alikuwa akijibu kwa kumwonyesha ukuta. Karibu na mlango wake alitundika kipimajoto cha kioo, cha kupimia maji ya injini za treni, na pembeni yake aliandika kwa chaki baridi ya kila asubuhi ya mwezi wa sita na wa saba. Wageni wasiojua Lubumbashi hudhani tunaungua mwaka mzima. Wangekuja wakati ule, wakaona mama zetu wanavyouza mikate wamejifunga blanketi na wanaume wanavyogombea nafasi kando ya babula, jiko letu la makaa, wangenyamaza.

“Joto gani?” Mashinisti alifoka. “Kuya kwangu asubui mu mwezi ya saba, unione na makoti mbili. Sasa ile motere yako, ni nani aliipatia koti?”

Na hapo ndipo alipokuwa analeta bukari yake, yaani ugali. Mzee huyu hakuwa na methali nyingi, alikuwa na sufuria. Mwanamke yeyote wa kwetu anajua kwamba bukari haitiwi unga kwenye maji ya baridi. Maji lazima yafike moto wake, vinginevyo unga unaumwaga na kuumwaga, unakoroga mpaka mkono unauma, na mwisho unapata uji wenye mabonge. Injini, alisema, ni vilevile. Ikiwa baridi, esansi, yaani petroli, haiungui vizuri. Injini inajua bado ni baridi, kwa hiyo inaomba esansi zaidi, kama vile asubuhi unapoiwasha. Ukishang'oa termostati, unaifanya iamini kwamba ni asubuhi mchana kutwa. Inakula kama ya asubuhi, inafanya kazi kama ya asubuhi, moshi mweusi unatoka nyuma, mafuta ya kulainisha hayajawa mepesi, na vyuma vinasagana vikiwa havijakaa sawa.

“Motere iko na baridi, inakula paka bule,” ndivyo alivyofupisha. Mke wake, aliyekuwa akisikia habari ya bukari kutoka kwa mwanaume asiyewahi kushika mwiko, alikuwa anageuza uso asicheke.

Kwa mtu aliyepigania joto namna ile, mwenyewe alikunywa chai baridi. Alikuwa anamiminiwa chai inafuka, anaiweka chini, anaongea habari za vilima alivyopanda na mabehewa ya shaba, na anainywa utando wa maziwa ukiwa umeganda juu. Aliwahubiria watu subira ya kupasha injini, lakini msubirishe yeye dakika tano, ataondoka na baiskeli yake na hamtapatana wiki nzima. Jumapili alifika misa ya kwanza kabla ya katekista, akakaa kiti cha mbele, na padri akichelewa alikuwa anatoa saa yake ya mfukoni na kuiangalia kwa namna ambayo kanisa zima liliiona. Alijisifu pia. Kila mwaka urefu wa treni aliyowahi kuvuta peke yake uliongezeka mabehewa matatu au manne. Kuhusu vidude vya umeme vya magari mapya hakujua kitu, na badala ya kukiri alisema vitapita tu.

Lakini kosa lake kubwa alilikiri. Hili lazima nilieleze, maana ndilo lililomfunga mikono miaka mingi, na ndilo lililofanya mambo yangu baadaye yawe ya hatari.

Kwaya ya parokia yetu ilikuwa na basi dogo. Kwa kuwa walimheshimu kama mzee wa kanisa, walimruhusu arudishe termostati iliyokuwa imetolewa. Alifanya kazi hiyo mwenyewe, jioni moja, kwa haraka, kwa sababu walikuwa wamemsubirisha na amekasirika. Asubuhi yake kwaya ikapanda kwenda kuimba harusi upande wa Kasungami. Hawakufika. Basi lilichemka, likatoa mvuke kama jungu, gasketi ya kichwa cha injini ikaungua, na waimbaji wakaingia harusini kwa miguu, viatu mkononi, wimbo wa kuingilia umeshapita.

Mashinisti alikuwa ameiweka kinyume. Upande wenye springi unatakiwa uangalie injini, ili maji ya moto yauguse ufunguke. Yeye aliugeuzia rejeta. Alipoifungua mwenyewe mbele ya watu na kuona, hakutafuta mtu wa kumsingizia. Alisema, “Termostati haikukosa. Ni miye nilikosa.” Lakini nani anasikiliza maelezo? Mtaa ulichukua habari ya basi lililochemka, na Patron akamsimulia kila aliyeingia garajini kwake, na akaongeza vikorombwezo. Tangu siku hiyo hakuna aliyemruhusu Mashinisti kushika hata kifuniko cha maji. Ile gasketi iliyoungua aliiomba, akaitundika ukutani kwake karibu na picha ya Bikira Maria. Mke wake alitaka kuitupa. Alikataa.

Miaka ikapita hivyo, na mimi nikaingia na kamioneti yangu, gari dogo la mizigo.

Mimi ni mfanyabiashara wa samaki wakavu. Naenda Pweto na chumvi, sabuni na nguo za mtumba, narudi na samaki wa ziwa Mweru. Wazee wangu walitoka Kasai, na kwetu tunasemwa kwamba tunapenda biashara na ubishi. Sikatai hata kimoja. Kamioneti niliinunua baada ya miaka mingi ya kupanda juu ya mizigo ya malori ya watu, na nilijiapiza sitapanda tena. Kumbe nilinunua mlevi. Ilikunywa esansi mpaka nikaona aibu. Nyuma nilifunga bidoni, dumu la esansi ya akiba, na bidoni hiyo ilikuwa inakwisha kila safari kabla sijafika njia panda ya Kasomeno nikirudi. Kwenye vilima vya kabla ya Pweto ilikosa nguvu, tukawa tunashusha magunia nusu, tunapanda, tunayaacha juu, tunashuka kuchukua mengine. Safari moja wakati wa mvua ilizimika kabisa kwa kukosa esansi, samaki wakanyeshewa, wakaota ukungu, nikawamwaga porini huku nalia. Patron, aliyekuwa ameibatiza kamioneti yangu kama nyingine zote, alibadilisha kila kitu kilichobadilika: plagi, chujio, pampu. Mwezi wa saba ule nilikuwa nimeshaamua. Safari moja zaidi, na kama itakuwa ileile, nauza kamioneti na kurudi juu ya mizigo ya watu.

Asubuhi nilipokuwa naiwasha, Mashinisti alitokea na makoti yake mawili. Akaweka kiganja. Akasubiri injini iungurume muda mrefu, halafu akaingiza mkono na kushika mpira wa juu wa rejeta.

“Mama Béa,” akaniita kwa jina la mwanangu mkubwa, “kuya ushike hapa.”

Nikashika. Ulikuwa vuguvugu tu, kama maji ya kuogeshea mtoto.

“Na sindano yako ya joto, inakalaka wapi?” Alimaanisha mshale wa joto kwenye dashibodi.

“Chini, baba. Haijapanda ata siku moya. Patron anasema ni muzuri, motere iko fresh.”

“Fresh!” Alilitema neno hilo. “Mutu mwenye kutetemeka, unamupatia gunia, atabeba? Atakula tu, baado atetemeke. Uniachie siku mbili.”

Nilikataa. Nilimkumbusha basi la kwaya, kwa maneno ambayo leo nayaonea haya. Nilimwambia mimi sina kwaya ya kunichangia nikiungua njiani. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonishangaza, kwa sababu alikuwa mtu wa kukasirika kwa dakika tano za kusubiri. Aliniambia:

“Weye mwenyewe njo utaweka. Miye nitakuonyesha na mudomo tu. Mikono yangu sitagusa.”

“Njo” kwetu ni “ndiye”: mwekaji awe mimi. Basi nikakubali, nusu kwa huruma, nusu kwa sababu sikuwa na njia nyingine.

Siku mbili zile nilizikaa uani kwake. Alinituma kwa wauza vyuma vya zamani kununua termostati mbili za injini yangu. Akawasha babula, akaweka sufuria ya maji, akazitumbukiza zote mbili na kipimajoto chake, akaniambia niangalie nisipepese macho. Mke wake alipotambua ni sufuria gani alipiga kelele, na siku hiyo akamwita Mashinisti mara nyingi. Maji yakaanza kutoa vipovu. Ya kwanza haikujongea hata maji yalipochemka kabisa. Ya pili, zebaki ilipofika themanini na mbili, kisahani chake kiliinuka taratibu, bila mtu kukigusa, mpaka nikaona mwanga upande wa pili. Nilipiga kofi. Nina watoto wanne, nimeona mambo, lakini sikuwahi kuona kipande cha chuma kinachojua wakati wake.

Ile mbovu aliitupa. “Kama tungeiweka bila kupika,” alisema, “ungenitukana mupaka kaburini, na ungekuwa na haki.”

Kisha alinifanya nioshe rejeta, maji yakatoka mekundu kama udongo wetu. Akakagua kifuniko chake, akakikataa, akanituma kutafuta kingine chenye springi ngumu. Alinieleza kwamba mji wetu uko juu, na mahali pa juu maji huchemka upesi zaidi kuliko chini, kwa hiyo kifuniko lazima kikaze. Mimi mwenyewe nilifungua boliti. Mimi mwenyewe nilishika termostati mkononi. Alinisimamisha hapo, akaniuliza mara tatu, kama anayemsikiliza mtoto wa katekesi:

“Springi inaangalia wapi?”

“Inaangalia motere, baba.”

“Inaangalia wapi?”

“Motere!”

Patron alipita akatuona. Alisimama ukutani na wanagaraji wake wawili, akasema kwa sauti ya kusikika avenyu nzima kwamba ataniletea kamba ya kuvutia gari, kwa kuwa yeye ni Mkristo. Mashinisti aliinama karibu na injini. Aliniambia tu nifunge boliti kwa kuzikaza sawasawa, hii kidogo na ile kidogo. Mikono yake aliishika nyuma ya mgongo muda wote, na niliona vidole vinavyohangaika.

Niliondoka alfajiri iliyofuata, wenzangu wawili wa biashara wakiwa nyuma juu ya chumvi. Kabla sijavuka mji, mshale wa joto uliinuka. Wewe uliyeendesha magari mazima hutaelewa hofu yangu. Sikuwahi kuuona mshale ule ukiinuka. Ulipanda, ukafika katikati, ukatulia. Mimi sikutulia. Niliendesha jicho moja barabarani, jicho moja kwenye mshale. Nilipofika Kasomeno, pale barabara inapogawanyika, nilisimama, nimeloa jasho asubuhi ya baridi.

Dereva mmoja wa lori alikuwa pale anakula. Alichungulia ndani, akaona mshale, akaniambia:

“Mama, motere inaungua ile! Katikati tayari, na baado milima. Nitakutolea ile kintu. Dakika kumi na tano, ata hautasoma rozari moya.”

Alikuwa na spana tayari mkononi, na alikuwa mtu mwema, sitamsema vibaya. Watu wakakusanyika, kila mmoja na ushauri wake, na wote ushauri ulikuwa mmoja: toa. Nilifungua boneti. Nikaiangalia ile boliti niliyoikaza mwenyewe. Nikawaza samaki waliooza, nikawaza kupanda tena juu ya mizigo ya watu, na nikawaza vidole vya mzee vilivyokuwa vinahangaika mgongoni. Nikaangalia kama kuna mvuke. Hakuna. Kama kuna maji yanayovuja. Hakuna. Nikashika mpira wa juu na kuuachia mara moja, ulikuwa moto kwelikweli. Nikashika ule wa chini, vuguvugu. Maji ya moto yalikuwa yanaingia kwenye rejeta na kutoka yamepoa. Mlango ulikuwa wazi. Nilijua, kwa sababu nilikuwa nimeuona unafunguka sufuriani.

“Aksanti baba,” nikamwambia yule dereva. “Iachwe ile. Katikati njo pa kazi.”

Nikafunga boneti. Nikapanda, nikawasha.

Vilima vya kabla ya Pweto tulivifikia tumejaa chumvi mpaka juu. Wale wenzangu wawili kule nyuma walianza kujifunga vitenge kiunoni tayari kushusha magunia, kwa mazoea. Sikusimama. Niliingiza gia, nikakanyaga, na kamioneti ikapanda. Ikapanda! Haikukohoa, haikutoa lile wingu jeusi, iliunguruma kwa sauti nzito ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Wenzangu wakaanza kugonga paa la kabini na kupiga vigelegele. Mshale ulisogea kidogo tu, upana wa punje ya mchele, na tulipofika juu ukarudi mahali pake. Nililia tena kwenye barabara ileile, safari hii nikicheka.

Tukauza, tukanunua, tukageuza. Kilwa, ile ya kwetu Mweru, tukapita. Kasomeno tukapita, na bidoni ya akiba haijafunguliwa. Niliitikisa kuhakikisha. Niliingia Kampemba mchana, jua limesimama, bidoni imejaa mpaka shingoni, na sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwenye garaji ya Patron nikipiga honi bila kuachia.

Patron alitoka anafuta mikono. Nilimshushia bidoni miguuni. Akainyanyua, akasikia uzito. Akaenda nyuma ya gari, akaingiza kidole kwenye bomba la moshi, akakitoa, akakiangalia. Badala ya masizi meusi kilikuwa na vumbi la kijivu, kavu. Akafungua boneti, akaweka kiganja.

Mashinisti alifika akisukuma baiskeli, mbio. Alisalimia injini kwanza, bila shaka. Kisha akanigeukia. “Na weye,” akauliza, “ulikula?” Nilipomwambia kilima tulivyokipanda, alivua kofia yake, akazunguka kamioneti mzunguko mzima, akaweka vidole viwili mdomoni na kupiga mluzi mrefu wa treni inayoingia stesheni. Watu wakatoka majumbani. Mama wa kwaya mmoja, aliyewahi kutembea viatu mkononi, alikuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Sijawahi kuona mzee akifurahi vile, na sijawahi kumpenda mtu asiye ndugu yangu kama nilivyompenda siku hiyo.

Patron hakuomba msamaha. Wiki moja baadaye alituma mtu kuazima ile sufuria na kipimajoto.

Baada ya hapo nilihamia Kasungami, kwenye nafasi ya kujenga na kulima mboga, na safari zikanichukua. Mashinisti nikawa nasikia habari zake tu: kwamba masikio yamepungua, kwamba baiskeli sasa inamsukuma yeye. Mwaka huu, mwezi wa saba, nilipita Kampemba nikaamua nimsalimie. Mke wake akacheka mlangoni. “Baba iko ku kazi,” akasema.

Nilimkuta garajini kwa Patron. Alikuwa amewekewa kiti cha plastiki kwenye jua, koti juu ya koti, chai inapoa miguuni. Aliponiona alishika mkono wangu kwa mikono miwili. Nikamuuliza, kwa kupaza sauti, jambo nililotaka kumuuliza siku zote: zile siku nilizokuwa njia ya Pweto, alikuwa na hakika?

“Hakika?” akasema. “Nilikuwa naogopa, mwana yangu. Sikukula. Kila motokari ilikuwa inapita, nilikuwa nafikiri ni bantu banakuya kuniambia motere iliungua.”

Hapo gari dogo liliingia, jipya machoni, ndani yake msichana amevaa vizuri, mtu wa ofisi. Ndiyo kwanza alikuwa amelipokea. Akamwita Patron, akamwambia alichoambiwa na shangazi zake na kaka zake wote, amtolee termostati kabla haijamletea matatizo.

“Hapa hatutoe,” Patron akasema.

“Juu ya nini? Bote banatoa.”

Patron alinyoosha mkono wake mpana kuelekea kiti cha plastiki. “Ule baba njo mwalimu yangu. Miaka mingi nilikuwa namuchekelea, na ni miye nilikuwa mujinga. Alisema ibakie. Itabakia.”

Alisema kwa sauti yake ileile ya kusikika avenyu nzima. Wanagaraji waliacha spana. Nilimwangalia Mashinisti nikidhani hakusikia, lakini alikuwa amesikia kila neno, kwa sababu alikuwa ameinamisha uso na midomo yake inacheza.

Msichana bado alikuwa na wasiwasi. Alimtazama mzee yule mwenye makoti mawili, akamtazama Patron.

“Na kama ikichemuka?”

“Ikichemuka,” Patron akasema, “utakuya kunitukana miye. Hapana yeye. Miye.”